Mama Pua na Pipa Lililoungua

Saa tatu kasoro robo asubuhi, na Mama Pua hajatia kitu mdomoni tangu aamke isipokuwa maji. Hajajipaka mafuta ya manukato. Nguo zake zimefuliwa kwa sabuni isiyo na harufu, na kitambaa cha kichwani kilishinda juani jana kutwa. Amesimama katikati ya ghala lenye baridi, glasi mkononi, mbele ya mapipa ya mbao yaliyolazwa ubavu, safu tatu kwenda juu.

Mbele yake amechuchumaa mwanamume mnene anayeitwa Dereva, koleo mkononi. Kila pipa lina msumari mdogo usoni, wa chuma kisichoshika kutu. Dereva anaubana msumari kwa koleo, anauvuta, na bia nyeusi inachuruzika kama uzi hadi ndani ya glasi. Anaurudisha msumari mahali pake. Pipa linanyamaza.

“Pole pole, dada,” anasema Dereva. “Usiikimbilie. Imelala hapa tangu mwaka juzi, haina haraka ya kwenda popote.”

Mama Pua anaingiza pua kwenye glasi na kufumba macho. Wapakizi wawili walio mlangoni wanaacha kuzungumza.

“Unasikia nini?” anauliza Dereva.

“Vanila. Na ngozi, kama kiti cha gari jipya. Na tunda lililokauka.”

“Na nini tena?”

Mama Pua anafungua jicho moja. “Na kitunguu. Lakini hicho hakimo kwenye glasi, kimo kinywani mwako. Umekula kitunguu jana usiku na hujapiga mswaki vizuri.”

Wapakizi wanacheka. Dereva anaziba mdomo kwa kiganja na kurudi nyuma hatua mbili. “Sasa nimeamini,” anasema nyuma ya kiganja. “Mgonjwa amepona.”

Mama Pua hacheki sana. Glasi hii ni ya kuiamsha pua tu. Baada ya saa moja ataingia chumba cha kuonjea, ambako hajakaa tangu mvua zilizopita, na humo atafanya mtihani. Akishinda, atarudishiwa kiti chake kwenye meza ya waonjaji. Akishindwa, kiti kitapewa mtu mwingine, naye atabaki kuosha chupa, kazi aliyoianzia miaka tisa iliyopita.

Kiwanda hiki ni kidogo. Mitambo yake ingeweza kuenea kwenye ukumbi wa harusi, na wafanyakazi wote wakikaa kula mchana wanatosha meza mbili. Bia yake haiuzwi kwa makreti. Inapikwa, inachachuka, kisha inalazwa kwenye mapipa yaliyowahi kubeba mvinyo au pombe kali, na humo inakaa mwaka, wakati mwingine zaidi. Mbao zinainywa bia kidogo, na bia nayo inazinywa mbao.

Shida ni kwamba mapipa ni kama watoto wa tumbo moja. Bia inatoka chungu kimoja, siku moja, inaingia mapipa kumi, na baada ya mwaka hakuna pipa linalofanana na mwenzake. Moja limekuwa tamu, jingine limenuna, jingine limeharibika kabisa. Lazima mtu aonje na kusema lipi lichanganywe na lipi, lipi lisubiri, lipi limwagwe. Pipa moja bovu likiingia kwenye mchanganyiko, kazi ya mwaka mzima inaishia kwenye mtaro.

Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ya Mama Pua. Na hanywi.

“Watu wanadhani tunalewa,” anasema. “Mimi naonja na kutema. Ndoo iko hapa miguuni. Nikitoka kazini nakwenda kwenye maombi ya jioni, na hakuna aliyewahi kunisogelea akakunja uso.”

Ana umri wa miaka arobaini na sita. Ni mjane mwenye binti mmoja aliye shule ya bweni, na anaishi na mama yake mzazi kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Alianza kwa kuosha chupa. Siku moja mpishi mkuu wa bia, mwanamume mrefu anayevaa buti za mpira hata siku ya mapumziko, aliwapanga wafanyakazi wote, kuanzia mhasibu hadi mlinzi, akawanusisha glasi moja baada ya nyingine. Alikuwa akitafuta pua mpya. Alizipata mbili: ya muosha chupa na ya dereva wa lori la kiwanda. Tangu siku hiyo wote wawili wana majina ya utani, na hakuna anayekumbuka kuwaita vinginevyo.

Nyumbani habari ile haikupokewa kwa vigelegele.

“Mama yangu ni mtu wa sala,” anasema Mama Pua. “Alipokuwa anajua naosha chupa alisema sawa, chupa ni chupa. Nilipomwambia nimepandishwa cheo, sasa naonja, aliweka kijiko chini. Akaniuliza, ‘Nilikunyonyesha miaka miwili ili uje kuonja bia?’”

Mama yake, bibi mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, hakanushi. “Nilimwambia fanya kazi yako, lakini harufu yake iishie mlangoni,” anasema. “Na chupa isiingie humu. Hata tupu.”

Waliishi hivyo kwa miaka. Kisha ukaja ugonjwa.

Ilikuwa homa na mafua makali, yale yanayomlaza mtu wiki nzima. Homa ilipopungua, Mama Pua aliamka kupika. Alibandika maharage, akasimama pale pale jikoni akikunja nguo, akiimba. Alisikia mama yake akipiga kelele kutoka uani.

“We mwanangu, unachoma nyumba?”

Aligeuka. Jiko lilikuwa limejaa moshi. Maharage yalikuwa yamekauka na kushika sufuria hadi yakawa makaa. Yeye alikuwa hatua moja tu kutoka pale, na hakuwa amesikia chochote.

“Nilichukua kitunguu nikakikata, nikakiweka hapa puani,” anasema. “Machozi yalitoka. Harufu haikuja. Nikachukua mafuta ya taa. Hakuna. Nikakaa chini sakafuni.”

Hakungoja afukuzwe. Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa mpishi mkuu akamwambia, “Bosi, pua yangu imekufa.” Mpishi alimwambia angemwekea kiti chake mpaka mvua nyingine zikaribie, wakati wa kuchanganya mapipa, na kwa sasa arudi kwenye chupa. Mshahara ulipungua kwa theluthi moja. Ada ya binti ililipwa kwa kuuza cherehani.

Daktari wa zahanati alimwambia kwamba pua nyingine hurudi na nyingine hazirudi, na hakuna kidonge chake. Lakini aliongeza jambo moja: pua hufundishwa, kama mtoto anavyofundishwa kutembea. Anuse vitu vyenye harufu kali kila siku, vile vile, bila kuchoka, huku akikumbuka harufu yake ilivyokuwa.

Alipofika nyumbani alimsimulia mama yake kwa ajili ya kupiga soga tu. Kesho yake, kabla jua halijatoka, alipomaliza kusali, alikuta meza imepangwa vikombe vitano vilivyofunikwa visahani, na mama yake amesimama na mtandio mkononi.

“Kaa,” alisema bibi.

“Mama, ni nini hii?”

“Daktari si alisema ufundishwe? Nimefundisha watoto sita kutembea, pua moja itanishinda? Kaa nikufunge macho.”

Kwenye vikombe mlikuwa na kahawa, ganda la limau, karafuu, kipande cha sabuni ya kufulia na vanila ya kuokea. Bibi alivisogeza kimoja kimoja chini ya pua ya mwanawe. Siku ya kwanza, hakuna. Wiki ya kwanza, hakuna. Kila asubuhi bibi alimalizia kwa sala fupi, mkono juu ya kichwa cha binti yake, maneno yale yale: “Ee Mungu, mrudishie mwanangu pua yake. Habari ya bia tutaongea baadaye.”

“Nilitaka kucheka na kulia pamoja,” anasema Mama Pua.

Kilichotangulia kurudi kilirudi vibaya. Kahawa ilinuka kama jalala. Sabuni ilinuka kama samaki. Alipomwambia mama yake kwamba kahawa inanuka jalala, bibi aliinua mikono juu akashukuru. “Kesho inaweza kunuka kahawa,” alisema. “Jana haikunuka hata jalala.”

Harufu ya limau ndiyo iliyorudi kwanza ikiwa kamili, asubuhi moja ya baridi, kali na safi. Mama Pua aliuvua mtandio machoni akaliangalia lile ganda kama mtu anayemwangalia mgeni aliyedhaniwa amekufa.

Lakini limau na karafuu haziwezi kumrudisha mtu kwenye mapipa. Harufu anazozihitaji kazini zimo kwenye mbao. Aliogopa kuligusia jambo hilo nyumbani. Mwishowe bibi ndiye aliyeuliza.

“Hayo mapipa yenu yananuka nini?”

“Mbao, mama. Mbao zilizolowa.”

“Zilizolowa nini?”

Mama Pua alianza kukusanya vikombe. Bibi alisema, “Lete kidogo. Bandu bandu huisha gogo. Lakini ikae nje.”

Dereva alichonga vipande vya mbao kutoka pipa lililovunjika, akavitia kwenye chupa ya jemu na kuifunga. Chupa ile ilikaa nje, juu ya ukuta wa uani, ikiingia ndani asubuhi tu kama mtoto wa jirani. Mvua ilipotishia, ilihamia kwenye kizingiti cha dirisha. Paka alipoiangusha, ilihamia kwenye rafu ya jikoni, nyuma ya chumvi. Hakuna aliyesema neno kuhusu safari yake.

Siku moja bibi mwenyewe aliifungua, akanusa, akakunja uso, akanusa tena. “Hii inanuka sanduku la mama yangu,” alisema. “Lile alilowekea nguo za Jumapili. Na kitu kama sukari iliyoanza kuungua.”

Mama Pua alikuwa amefungwa macho mezani. Ndivyo zinavyonuka mbao zile, kwa usahihi ambao hata mezani kazini waonjaji huutafuta wakitoa jasho. Kwa miaka yote alikuwa akijiuliza pua yake aliitoa wapi.

“Nilimwambia, mama, kumbe ni yako. Akaniambia, ‘Yangu nini? Mimi sionji bia.’”

Chumba cha kuonjea kimepakwa rangi nyeupe na hakina picha ukutani. Saa nne asubuhi Mama Pua anaketi. Mezani mna maji, mkate usio na chumvi, ndoo chini, na glasi tisa nyeusi zilizofunikwa, zimepangwa tatu tatu. Glasi ni nyeusi ili rangi ya bia isimsaidie mwonjaji. Katika kila tatu, mbili zimetoka pipa moja na ya tatu imetoka pipa jingine. Kazi ni kuitaja ile ya peke yake na kusema inatofautianaje. Sharti ni kupata zote.

Mpishi mkuu amesimama mlangoni na buti zake. Dereva amekaa pembeni, kinywa kimefungwa, na leo amepiga mswaki mara mbili.

Mama Pua anainamisha kichwa. Midomo yake inacheza kidogo. Kisha anafunua glasi za kwanza.

Ananusa, anaonja, anatema. Anasukutua kwa maji. Anarudia. “Hii ya kati,” anasema. “Ina karatasi iliyolowa. Pipa lake linaingiza hewa, angalieni kizibo.”

Mpishi anatikisa kichwa kukubali.

Glasi za pili zinamchukua muda mrefu zaidi. Anaumega mkate, anatafuna, anaanza upya. “Ya kwanza. Ina vanila nyingi kuliko hizi mbili, na utamu wa nazi. Pipa bado changa.”

“Sawa,” anasema mpishi. Sauti yake imelegea kidogo. Dereva anajishika magoti.

Glasi za tatu. Mama Pua ananusa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anarudi ya kwanza. Anaonja, anatema, anafuta midomo. Anaonja tena. Anazifunika zote tatu, anangoja, anazifunua. Uso wake, uliokuwa umefunguka, unajifunga taratibu.

“Bosi,” anasema, “hapa sisikii tofauti.”

“Moja ni tofauti.”

“Najua. Ndivyo mtihani ulivyo. Lakini mimi nasikia bia moja mara tatu. Matunda yale yale, ngozi ile ile, uchungu ule ule.” Anazitazama glasi. “Kama tofauti ipo, basi ni moshi. Kitu pekee ambacho hakijarudi ni moshi. Tangu siku ya maharage sijausikia. Mama ananiwashia kiberiti kila asubuhi na kukizima hapa puani, na bado.”

Mpishi anavuta kiti, anakaa, jambo ambalo halifanyi mara nyingi.

“Ungeweza kubahatisha,” anasema. “Glasi ni tatu tu.”

“Ningeweza. Na ningepata, mngenirudisha hapa. Halafu siku moja mniletee pipa zima nibahatishe.”

“Ni moshi,” anasema mpishi. “Hiyo ya kulia. Fundi alipolikausha pipa ndani kwa moto, alilichoma kupita kiasi.”

Mama Pua anaivuta glasi ya kulia, anaingiza pua mara ya mwisho. Anatingisha kichwa kwamba hakuna. Anaanza kukusanya mkate wake kwenye sahani, kama mtu anayejua zamu yake imekwisha.

Ndipo Dereva anapoongea, akiitazama sakafu. “Mimi vanila huwa siisikii vizuri.”

“Nini?” anauliza mpishi.

“Vanila. Na karatasi iliyolowa mara nyingine inanipita. Miaka yote huyu dada ndiye anayezitaja, mimi naitikia. Alipoumwa nilikuwa naomba Mungu lisije pipa la karatasi. Lakini moshi, bosi, moshi nausikia hata nikiwa usingizini. Nimeshuka milima na lori miaka kumi na nne. Breki ikianza kuungua, ukichelewa kuisikia huchelewi kazini tu, hufiki kabisa.”

Mpishi anamtazama mmoja, kisha mwingine. Anajikuna shingo. “Kwa hiyo mnaniambia nina nusu pua hapa na nusu pua pale.”

“Ukizijumlisha unapata nzima,” anasema Dereva, “na inakula chakula cha watu wawili.”

Mpishi anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Baadaye anaeleza kwamba sharti la kupata zote aliliweka yeye mwenyewe, na angelishikilia kama mwonjaji angedanganya. “Pua yoyote ina shimo mahali fulani, hata yangu,” anasema. “Ninayemwogopa ni yule asiyejua shimo lake liko wapi. Huyu analijua, na amelisema siku ambayo kulisema kulikuwa kunamuumiza.”

Kiti kinarudi, kwa masharti. Mama Pua na Dereva wataonja pamoja, kila pipa, na hakuna pipa litakaloingia kwenye mchanganyiko bila wote wawili kukubali. Mshahara wake unarudi ulipokuwa kuanzia mwezi ujao. Jambo la kwanza analosema atalifanya nao ni kutafuta cherehani nyingine.

Kila mwonjaji kwenye kiwanda hiki hupewa pipa moja la kulilea mwenyewe. Analichagua, analitembelea, na siku akisema limekomaa ndiyo siku linafunguliwa. La kwake la zamani lilishachanganywa alipokuwa akiosha chupa. Mchana huo anaambiwa achague jingine.

Anapita katikati ya safu polepole, mkono ukigusa mbao. Dereva anamwonyesha pipa zuri, tulivu, lenye harufu ya asali. Analipita. Anasimama mbele ya lile lililoungua.

“Dada, hilo?” anasema Dereva. “Hilo husikii hata lina nini.”

“Ndiyo maana.”

Anaeleza kwamba moshi wa namna hiyo hutulia bia ikikaa, na kwamba pipa lililodhaniwa kali linaweza baada ya mwaka na nusu kuwa ndilo linalotafutwa. Kila Ijumaa atavuta msumari na kunusa. “Litakuwa linapunguza moshi wake, na mimi nitakuwa naongeza pua yangu,” anasema. “Mahali fulani katikati tutakutana. Mungu hana haraka, na bia ya mapipa pia haina.”

Wengine huandika jina kwenye pipa lao kwa chaki. Kabla hajaamua, Dereva anamnyang’anya chaki na kuchora pua kubwa yenye matundu mawili. Mama Pua anaiangalia, anaongeza macho yaliyofumbwa.

Jioni, nyumbani, anamsimulia mama yake yote: karatasi, vanila, moshi, kiti, pipa. Bibi anasikiliza huku akichambua mchele. Habari ya pipa inamfanya asimamishe mkono.

“Usiliite kwa jina langu,” anasema.

“Sijaliita, mama. Lina pua tu.”

“Vizuri.” Anaendelea kuchambua. Baada ya muda anauliza, bila kuinua macho, “Hilo la asali ulilolikataa, linanuka asali ya aina gani?”

Asubuhi ya pili, kabla ya mapambazuko, sala imekwisha na vikombe viko mezani. Chupa ya jemu haiko tena nyuma ya chumvi. Iko mezani, kando ya kitabu cha sala, kifuniko kimelegezwa. Bibi anamfunga binti yake mtandio, anampitisha kwenye kahawa, limau, karafuu, sabuni, vanila na mbao, na zote zinatajwa bila kusita.

Kisha anawasha kiberiti, anakipuliza, na kukishika chini ya pua ya mwanawe mpaka moshi wote unakwisha.

“Unasikia?”

“Bado, mama.”

Bibi anakiweka kijiti kilichoungua pamoja na vingine kwenye kisahani, ambacho sasa kimejaa hadi ukingoni. Anakimwaga, anakifuta kwa ncha ya nguo yake, na kukirudisha mezani kitupu.

“Haya,” anasema. “Kesho tena.”